Kuendeleza Upya Mtaa Uliochakaa: Mwongozo Kamili kwa Diwani, Mwenyekiti wa Mtaa na Mkazi

Mitaa yetu mikongwe ina michoro mingi kuliko mitaro. Kila baada ya miaka kadhaa inapita timu ya wataalamu, wanapima, wanapiga picha, wanaitisha mkutano chini ya mwembe, kisha kimya. Mradi wa kuendeleza upya eneo mara chache hufa kwa sababu ya ramani mbaya. Hufia kwenye karatasi mbili ambazo zingeandikwa kabla ya ramani: orodha ya watu wote wanaoishi na kufanya kazi pale, na jedwali linaloonyesha kila kazi italipwa na mfuko wa nani.

Nimefuata sheria na mazoea ya Tanzania Bara, hasa Dar es Salaam, nikichungulia Nairobi na Kigali pale palipo na la kujifunza. Diwani atakuta hoja za kupeleka barazani, na mwenyekiti wa mtaa majibu ya kuwapa wapiga kura wake. Mkazi naye atajua mambo yamefika wapi siku atakapoona watu wamevaa vizibao vya njano wanapima nyuma ya choo chake.

Anza kwa kujua eneo limechakaa kwa namna gani

Tuliwahi kujaribu njia ya mkato. Miaka ya 1960 Shirika la Nyumba la Taifa, NHC, lililoanzishwa 1962, lilibomoa nyumba duni Dar es Salaam na kujenga bora palepale. Gharama ikawa kubwa, na kwa kuwa nyumba nyingi mpya zilikuwa zinachukua nafasi ya zilizovunjwa, upungufu wa nyumba mjini ukabaki. Miaka ya 1970 Serikali ikageuza mwelekeo: kwa mkopo wa Benki ya Dunia ikapima viwanja vyenye huduma Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, na Manzese ikaboreshwa nyumba zikiwa zimesimama. Tangu hapo mijadala yote ni kuvutana kati ya njia hizo mbili, kubomoa au kuboresha, na anayechagua kabla ya kuchunguza hukosea.

Maeneo yanayoitwa chakavu hayafanani. Kuna skwata lililojengwa bila kupangwa, kama Tandale au sehemu kubwa ya Keko: nyumba ni imara, tatizo ni njia, maji taka na mafuriko. Kuna kota za umma zilizozeeka juu ya ardhi ya thamani. Kuna mabondeni kama Jangwani, ambako hata uboreshe vipi mto utarudi. Na kuna katikati ya mji kama Kariakoo, ambako viwanja vilipimwa zamani na wenye fedha wanabomoa na kujenga wenyewe bila kusubiri mtu. Huko kazi ya halmashauri ni vibali na ukaguzi. Jengo la ghorofa lililoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 na kuua watu zaidi ya 20 ni ukumbusho kwamba fedha binafsi bila msimamizi si maendeleo.

Uchunguzi wenyewe ufanyike siku ya mvua. Ukitembea Januari jua likiwaka utaona nyumba tu. Ukirudi wakati wa masika utaona maji yanaposimama, utaona nani ametapisha choo chake ili uchafu uondoke na mafuriko, na utaona nani anaupokea uchafu huo mlangoni. Andika gari la zimamoto linaishia wapi. Andika mgonjwa anabebwa hatua ngapi kabla ya kufikia bajaji. Hayo ndiyo yatakayoonyesha kama mnahitaji mtaro wa milioni mia nne au mradi wa bilioni arobaini.

Jua nani ana mamlaka juu ya nini

Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inaifanya halmashauri ya jiji, manispaa au mji kuwa mamlaka ya upangaji katika eneo lake. Inasikika kama mamlaka kubwa. Sasa tazama vipande. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017. Maji safi na maji taka yako kwa mamlaka ya maji, Dar es Salaam ni DAWASA. Umeme ni TANESCO. Hati zinatoka kwenye ofisi ya ardhi ya mkoa kwa niaba ya Kamishna wa Ardhi. Kutwaa ardhi kwa manufaa ya umma ni mamlaka ya Rais, kwa Sheria ya Utwaaji Ardhi ya 1967. Kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, mtu anaponunua umeme.

Kwa maneno mengine, mkurugenzi wa halmashauri ana mamlaka ya kupanga mambo ambayo hana mamlaka ya kuyajenga. Ndiyo maana nashauri jambo ambalo wengi hulifanya mwishoni lifanyike mwanzoni: kikao kimoja cha taasisi hizi zote, na kila moja itoke ikiwa imeandika kwa barua itaweka nini, mwaka gani wa fedha, kwa kasma ipi, yaani fungu lipi la bajeti. Kauli ya "tutashirikiana" isiingizwe kwenye mpango. Meneja wa TARURA wa wilaya ambaye hajaingiza barabara yenu kwenye bajeti yake hawezi kuichonga hata akitaka.

Hesabu watu, usihesabu mapaa

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu.

Chukua nyumba ya kawaida ya Kiswahili: korido katikati, vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto, uani jiko, choo na pengine vibanda viwili vilivyoongezwa. Picha ya droni inaonyesha paa moja. Ndani mna mwenye nyumba, au mara nyingi watoto wa marehemu mwenye nyumba ambao mirathi yao haijafunguliwa. Vyumba vinne vina wapangaji, kila kimoja na familia yake. Barazani kuna mama wa maandazi anayelipia nafasi kwa wiki, na pembeni fundi cherehani aliyepewa nafasi bure kwa sababu ni mtu wa nyumbani. Paa moja, kaya tano au sita, vitega uchumi viwili. Mpango utakaoandika "nyumba 400" umeacha nje watu wengi kuliko uliowataja.

Orodha nzuri ina safu hizi: namba ya jengo, mmiliki na uthibitisho alionao (hati, leseni ya makazi, hati ya mauziano iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa, au maneno ya majirani tu), hali ya mirathi, majina ya wapangaji wote na kodi wanayolipa, biashara na mapato yake, na watu wenye mahitaji maalumu. Ifanywe na vijana wa mtaa wenyewe wakiongozana na wajumbe wa mashina, kisha ibandikwe ofisi ya mtaa wiki mbili watu waisome. Ugomvi wa mipaka na mirathi uibuke hapo, mapema. Ukiibuka siku ya malipo ya fidia, mradi utalala mahakamani.

Mukuru, Nairobi, walilifanya hili kwa upana ambao sisi hatujaufikia. Kaunti ya Nairobi ilipotangaza eneo hilo kuwa la mpango maalumu Agosti 2017, lilikuwa na kaya zaidi ya 100,000. Wakazi, kupitia Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda, walijigawa katika vikundi vya kaya kumi kumi, kila kikundi na mwakilishi wake, na kutoka hapo kupanda ngazi hadi kijiji kizima. Mashirika zaidi ya 40 yakagawana mada: maji, afya, ardhi, fedha. Kaunti isingeweza kuwauliza watu wote wale kwa mkutano wa hadhara mmoja, na mkutano wa hadhara, tuseme kweli, ni mahali pa wanaume watano kuongea.

Chagua njia kulingana na ulichokiona

Njia nyepesi kuliko zote ni kuboresha miundombinu na kuziacha nyumba. Hanna Nassif, Kinondoni, wakazi wenyewe walichimba na kujenga mitaro miaka ya 1990 kwa ujira, chini ya mpango uliotegemea nguvu kazi ya mtaa. Baadaye Dar es Salaam ikaendesha mradi kama huo, kwa fedha za Benki ya Dunia, kwenye mitaa 31 isiyopangwa. Wachache walihama, kwa sababu barabara zilipitishwa panapopitika. Kama tatizo ni mafuriko na njia, usitafute njia nyingine.

Ya pili ni urasimishaji: kupanga na kupima nyumba zilivyo, wananchi wakikubaliana kuachia mita moja hapa na mbili pale ili njia ipite, kisha kila mtu apate hati. Sheria ya Ardhi ya 1999 imeweka utaratibu wake. Unaishiwa nguvu pale wananchi wanapochanga fedha kwa kampuni ya upimaji na kampuni ikaishia kwenye mchoro. Malalamiko haya yako kila wilaya. Dawa yake ni akaunti ya pamoja ya kamati ya mtaa na halmashauri, na mkataba unaolipa kwa awamu: mchoro ukiidhinishwa sehemu, upimaji ukikubaliwa sehemu, na fungu kubwa la mwisho lisubiri namba za viwanja.

Ya tatu, kuunganisha viwanja. Wamiliki wa nyumba kumi au ishirini wanaunganisha ardhi yao, linajengwa jengo la ghorofa, kila mmoja anapata sehemu yake na sehemu iliyobaki inauzwa kulipia ujenzi. Kwenye karatasi inavutia sana. Inataka wamiliki wanaoaminiana na mwekezaji anayeweza kusubiri, na mirathi iliyofungwa. Mmiliki mmoja kati ya ishirini akikataa, kila kitu kinasimama.

Ya nne ni kubomoa na kujenga kwenye ardhi ya umma, kama Magomeni Kota. Ya tano, kutwaa eneo zima na kulipa fidia, kama sehemu za Kurasini zilizochukuliwa kwa shughuli za bandari na biashara. Hii ya mwisho itumike pale tu eneo haliwezi kukaliwa au linapohitajika kwa jambo lisiloweza kwenda kwingine. Ni ghali, ni ndefu, na hutawanya watu hadi Chanika na Mbagala.

Azimio, mchoro, tangazo

Utaratibu wenyewe si mgumu. Hoja inaanzia mkutano mkuu wa mtaa, unaotakiwa kuwa na muhtasari na mahudhurio yaliyosainiwa. Inapanda Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha kamati ya baraza inayoshughulikia mipango miji na mazingira, kisha Baraza la Madiwani linalopitisha azimio. Wizara ya Ardhi inaletewa ombi ili eneo litangazwe kuwa la mpango. Wataalamu wanatengeneza rasimu, rasimu inawekwa hadharani, watu wanatoa maoni na pingamizi, ndipo inaidhinishwa. Rasimu ioane na mpango kabambe wa jiji. Kwa Dar es Salaam ni ule wa 2016 hadi 2036, uliokuja baada ya jiji kuishi miaka mingi na mpango wa 1979.

Angalizo moja tu, ila zito. Eneo likishatangazwa, mtu haruhusiwi kuendeleza bila kibali kinachoendana na mpango. Benki inasita kukopesha, mwenye nyumba anaacha kupaka rangi, mpangaji mzuri anahama. Kama fedha hazijapatikana, tangazo lenyewe linauchakaza mtaa kuliko ulivyokuwa. Kwa hiyo azimio lisipite barazani kabla jedwali la fedha halijajazwa walau kwa awamu ya kwanza.

Na saa ya bajeti inakwenda. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, lakini mapendekezo yanaandaliwa kuanzia mwishoni mwa mwaka uliotangulia na hadi Machi baraza limeshapitisha. Mtaa unaoleta ombi Mei umekwisha chelewa mwaka mzima.

Fidia: piga hesabu hii kabla ya mthamini kufika

Fidia si bei ya matofali. Kanuni za 2001 chini ya Sheria ya Ardhi zinataja thamani ya soko ya ardhi na maendelezo yake, posho ya usumbufu, posho ya makazi, posho ya usafiri na hasara ya faida ya biashara. Tuchukue mfano wa kufikirika ili uone ukubwa wake.

Nyumba na kiwanja vimethaminiwa shilingi milioni 45. Posho ya usumbufu ni thamani hiyo mara wastani wa riba ambayo benki za biashara zinalipa kwa amana ya miezi 12. Tuseme ni asilimia 8: milioni 3.6. Posho ya makazi ni kodi ya mwezi ya nyumba kama hiyo mara miezi 36. Ikiwa kodi ni 250,000, ni milioni 9. Usafiri ni gharama ya kubeba tani 12 za mizigo ndani ya kilometa 20, tuseme 300,000. Jumla milioni 57.9. Kama mwenye nyumba ana genge linalompa faida halisi ya 150,000 kwa mwezi, ongeza miezi 36 ya faida hiyo, milioni 5.4, ifike milioni 63.3. Zidisha kwa nyumba 40 za barabara moja tu. Ndiyo bei ya kalamu ya mpanga mji anayechora barabara ya mita 12 pale ambapo ya mita 6 ingetosha.

Mambo matatu ya kushikilia. Kwanza, faida ya biashara inahitaji ushahidi, na genge lisilo na daftari halina faida mbele ya mthamini. Mwambieni kila mwenye biashara aanze kuandika leo. Pili, fidia isiyolipwa ndani ya miezi sita inaanza kudai riba, na kwa Sheria ya Uthamini ya 2016 uthamini ambao haujalipwa unaisha nguvu baada ya miaka miwili, hivyo unarudiwa. Mkazi aliyefanyiwa uthamini mwaka juzi na bado anasubiri ana haki ya kuuliza hilo kwa maandishi. Tatu, mpangaji wa mwezi kwa mwezi hana chake kwenye fidia ya ardhi. Sheria inamwangalia mwenye maslahi katika ardhi. Miradi ya Benki ya Dunia ina masharti yake yanayowatambua hata wasio na hati, lakini mradi wa fedha za ndani unaweza kumwacha mikono mitupu, labda halmashauri iamue kutenga kifuta jasho. Iamue mapema na iandike.

Kuhusu kulipa nyumba badala ya fedha, Kigali imetuonyesha ugumu wake. Wakazi wa Kangondo, mtaa uliojulikana zaidi kwa jina la Bannyahe, walipewa nyumba za ghorofa Busanza. Wengi walipinga hadi mahakamani wakitaka fedha, na mwaka 2022 mtaa ukabomolewa. Mwenye nyumba ya vyumba sita anayeishi kwa kodi ya wapangaji, ukimpa fleti ya vyumba viwili, umempa paa na kumnyang'anya mshahara.

Fedha: mfuko wa nani unalipa nini

Chora jedwali. Kushoto orodhesha kazi: upimaji, fidia, barabara, mitaro, maji, nyumba, soko, usimamizi. Juu andika mifuko: mapato ya ndani, TARURA, mamlaka ya maji, Hazina, mikopo ya nje, wananchi, mwekezaji. Kisha jaza. Kisanduku kisicho na jina la mtu anayewajibika kihesabiwe ni kitupu.

Mapato ya ndani ya halmashauri yana wenyewe wengi. Asilimia 10 inatengwa kwa mikopo ya vikundi (4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu), kisha kuna posho, uendeshaji, madarasa, zahanati. Kinachobaki kinatosha kulipia mpango, upimaji na labda soko dogo. Kinachofaa kutoka huko ni fedha ya kuanzia, ile inayofungua milango ya mifuko mingine.

Miundombinu mikubwa kwa kawaida imelipwa na mikopo ya Serikali Kuu. Mradi wa kuendeleza jiji la Dar es Salaam, DMDP, wenye mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 300 ulioidhinishwa 2015, ndio uliojenga barabara na mitaro mingi ya Kinondoni, Ilala na Temeke. Mikoani TACTIC, mradi wa kuboresha miundombinu ya miji, umegusa miji 45. Halmashauri haikopi yenyewe hapo. Kinachoiweka kwenye orodha ni kuwa na usanifu uliokamilika kabatini. Mradi ukifika, mtaa wenye michoro ya mitaro na orodha ya watu iliyosafishwa unatangulia.

Kuna mfano wa fedha unaojizungusha ambao bado naona ndio bora tuliowahi kuufanya. Mradi wa Viwanja 20,000 Dar es Salaam, ulioanza 2002, ulitumia mkopo wa Hazina wa takriban shilingi bilioni 8.9 kulipia ardhi na kupima. Viwanja vikauzwa, mkopo ukarejeshwa. Programu ya baadaye ya kupanga, kupima na kumilikisha, ambayo Hazina iliikopesha shilingi bilioni 50 bila riba, ilijengwa juu ya wazo hilohilo. Ila yote mawili yanafanya kazi pembezoni, kwenye mashamba. Kwenye mtaa uliokwisha kujengwa hakuna kiwanja cha kuuza. Cha kuuza ni hewa, yaani ghorofa za ziada.

Tuijaribu kwa tarakimu za kufikirika. Halmashauri ina eneo lenye kota 60. Inataka kujenga fleti 100, 60 kwa wakazi wa zamani na 40 za kuuza, na fremu 30 chini. Kila fleti, pamoja na sehemu yake ya fremu, inagharimu milioni 60, jumla bilioni 6. Fleti 40 zikiuzwa milioni 95 kila moja zinaleta bilioni 3.8. Pengo ni bilioni 2.2. Fremu 30 kwa kodi ya 250,000 zinaingiza milioni 90 kwa mwaka, ikiwa zote zina wapangaji na wote wanalipa, kwa hiyo zitaziba pengo kwa miaka zaidi ya 24, bila riba. Ukiongeza fleti 20 za kuuza, faida ya milioni 35 kwa kila moja inapunguza pengo kwa milioni 700. Bado bilioni 1.5. Hapo ndipo mkurugenzi anachagua: aombe Hazina, apandishe ghorofa zaidi na kusongamanisha watu, au awatoze wakazi wa zamani. Mpango usioonyesha pengo hili waziwazi umelificha mahali, na kwa kawaida limefichwa kwa wakazi wa zamani.

Magomeni Kota pengo hilo lilizibwa na Serikali. Kaya 644 zilisubiri takriban miaka kumi, Rais Magufuli akaahidi mwaka 2016 kwamba wangekaa miaka mitano bila kodi, nyumba zikajengwa na Wakala wa Majengo, TBA, na Rais Samia akazizindua Machi 2022. Nyumba ni nzuri. Ila si mfano ambao halmashauri yenye mapato ya kawaida inaweza kuurudia peke yake.

Na hatifungani, yaani kukopa kwa kuwauzia wawekezaji hati za deni? Februari 2024 mamlaka ya maji Tanga iliuza hatifungani ya kijani ya miaka 10 yenye riba ya asilimia 13.5, ikitafuta shilingi bilioni 53.12, na wanunuzi wakazidi kiasi hicho. Iliwezekana kwa sababu kila mteja Tanga anapokea ankara ya maji. Mtaro hauna ankara. Halmashauri inayotaka njia hii iielekeze kwenye soko au stendi yenye ushuru wa kila siku, ikumbuke kuwa kukopa kunahitaji idhini ya waziri, na ikubali wakaguzi wa nje wasome vitabu vyake.

Kwa wanaosoma ya Marekani na kuuliza kwa nini tusifanye kama Chicago: kule eneo likitangazwa, thamani ya majengo hugandishwa kwenye vitabu, na kodi inayotokana na ongezeko la thamani kwa miaka 23 hurudi kulipia mradi. Njia hiyo ilianzia California mwaka 1952, na California yenyewe ilizivunja taasisi zake za uendelezaji upya mwaka 2012. Kwetu haishiki kwa sababu moja rahisi. Kodi ya majengo tangu Julai 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 7,500 kwa kila ghorofa mijini. Nyumba ya chini ya Tandale na nyumba ya chini ya Masaki zinakatwa sawa kwenye LUKU. Mtaa ukiboreshwa na thamani ikipanda mara tatu, kodi hubaki ileile. Faida yote inakwenda kwa mwenye ardhi, halmashauri inabaki na deni la mtaro. Wabunge na madiwani wanaotaka miji ijijenge wangeanza kusemea hapa.

Ubia na mwekezaji unafaa kwa vipande vya biashara. NHC ilizindua sera mpya ya ubia 2022, na sheria ya ubia kati ya sekta ya umma na binafsi ipo tangu 2010. Ardhi ya umma ithaminiwe na mthamini huru kabla ya mazungumzo, mkataba useme jengo linarudi lini kwa umma, na usitoe hati kuwa dhamana ya mkopo wa mwekezaji kabla msingi haujamwagwa zege.

Awamu, na watu watalala wapi

Usibomoe vyote kwa mpigo. Tafuta kiwanja kitupu jirani, jenga kundi la kwanza, hamishia watu, kisha vunja walipotoka. Hata hivyo inachukua muda: wakazi wa Soweto Mashariki, Kibera, walihamishiwa makazi ya muda Lang'ata mwaka 2009, na nyumba za eneo A zikakabidhiwa 2016. Mtoto aliyeondoka darasa la kwanza alirudi akikaribia kumaliza shule ya msingi. Kwa hiyo makazi ya muda yawe karibu na shule na kituo cha basi, na posho ya pango iwe na fungu la miaka miwili zaidi ya ratiba ya mkandarasi.

Kila mkazi apewe cheti chenye picha, namba ya jengo la zamani na haki yake ya kurudi, kikiwa na saini ya mkurugenzi na nakala ofisi ya mtaa. Viongozi hubadilika, na ahadi ya mdomo haihamishwi kwenye makabidhiano ya ofisi. Wafanyabiashara nao wahesabiwe hivyohivyo. Masoko yaliyojengwa upya yamezaa ugomvi mkubwa zaidi siku ya kugawa vizimba kuliko siku ya kubomoa, kwa sababu majina yalizidi vizimba.

Baada ya mkandarasi kuondoka

Mtaro mpya usio na mtu wa kuuzibua unajaa mchanga na mifuko ndani ya masika mawili. Ingia mkataba na kikundi cha vijana cha mtaa, fedha itoke kwenye ushuru wa soko au fremu zilezile, na kiasi chake kiandikwe kwenye bajeti ya kata kwa jina la mtaro wenyewe.

Kwa majengo ya ghorofa, Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2008 inaruhusu kila fleti kuwa na hati yake na wamiliki kuwa na umoja wa kusimamia paa, ngazi, pampu na lifti. Umoja huo usajiliwe kabla funguo hazijagawiwa. Piga mapema hesabu ya umeme wa pampu, mlinzi, usafi na kunyonya maji taka, gawa kwa fleti, kisha mwonyeshe kila mkazi kiasi cha mwezi kabla hajasaini. Kwa mama aliyezoea kulipa LUKU yake tu, elfu 40 za huduma za pamoja kila mwezi ni sababu ya kutosha kupangisha fleti kwa mtu mwingine na kwenda kutafuta chumba Mbagala.

Mwaka mmoja baadaye chukua ile orodha ya kwanza, ya kaya tano ndani ya paa moja, pita nayo mlango kwa mlango uone nani bado yupo. Matokeo yapelekwe barazani pamoja na hesabu za mradi, kwenye kikao kilekile.